Kabla Hujahesabu, Uliza Rundo Limefikaje Mezani

Asanteni jamani, kaeni. Mwenyekiti kaniambia nina dakika 40 na keshaanza kuangalia saa, kwa hiyo itifaki imezingatiwa, tuingie kazini.

Nimesoma proposo zenu za utafiti usiku wa kuamkia leo, nilianza saa 2 nikamaliza saa 8, na nakiri mwishoni nilikuwa nasoma huku jicho moja limelala. Nyingi ziko vizuri hadi unafika sura ya 3, ile ya mbinu. Pale sasa ndo nakutana na sentensi moja, yani kama mmegawiana: "Mtafiti atatumia mbinu ya upitiaji wa nyaraka." Halafu nukta. Basi. Tunahamia kwenye dodoso. Sasa mimi nauliza, nyaraka zipi, za nani, na zitapitiwaje? Kama mlinzi wa getini anavyopitia mabegi, anafungua zipu anachungulia anafunga? Maana hiyo sio mbinu, hiyo ni kuchungulia.

Kuna mbinu 2 ambazo watu huzificha ndani ya hicho kisentensi bila kujua, utafiti wa kihistoria, yani kuhoji karatasi imetoka wapi na kwa nani, na uchambuzi maudhui, yani kugawa matini kwenye makundi na kuhesabu. Kwenye vitabu vya mbinu wanaziweka sura tofauti, moja wanapewa watu wa historia na nyingine watu wa uandishi wa habari, na hawa na hawa hawasalimiani. Mimi ugomvi wangu leo ni huo tu. Kwa aina ya karatasi tulizonazo sisi huku huwezi kufanya ya pili kabla hujafanya ya kwanza, na ukijaribu utapata namba nzuri sana za kitu usichokijua.

Chukueni Maji Maji, ile vita ya watu wa kusini dhidi ya Mjerumani. Kila mtu humu kaisoma darasani, Kinjikitile Ngwale yule mganga wa Ngarambe, maji ya kugeuza risasi, 1905 mpaka 1907. Tumeyajuaje? Kwa miaka mingi kilichokuwepo kwenye karatasi kilikuwa cha Mjerumani karibu chote, ripoti za maafisa, barua za wamisheni, na kitabu cha gavana mwenyewe von Götzen alichokitoa 1909 baada ya kurudi kwao. Ukikisoma unaambiwa chanzo ni waganga na ushirikina, watu walidanganywa na dawa. Sasa hebu jiweke kwenye kiti chake. Vita imekulipukia mikononi, kule Berlin bungeni wanauliza hizi pesa na hii damu ni ya nini. Ukisema chanzo ni pamba ya kulazimishwa na kodi ya rupia 3 na maakida, wale watawala wadogo wa Mjerumani, wenye viboko, umejishitaki mwenyewe, hizo sera ni za ofisi yako. Ukisema waganga, umepona, nani anaweza kuzuia uchawi?

Dada hapo mbele anacheka, lakini ndo ilivyo hata leo, kasome ripoti ya kamati yoyote iliyochunguza kitu chake yenyewe.

Sasa msinielewe vibaya, sijasema kitabu kile ni takataka. Ni chanzo kizuri mno, ila cha nini? Sio cha "kwa nini watu wa Umatumbi, vita ilikoanzia, waliamka". Ni chanzo cha "gavana alitaka Wajerumani wenzake waamini nini mwaka 1909". Karatasi ni ileile, swali limebadilika, na thamani yake imebadilika. Hapa ndo wengi mnateleza mnapoandika kwamba vyanzo vya msingi, vya wakati uleule, ni hivi na vya upili, vya walioandika baadaye, ni vile kana kwamba karatasi inazaliwa na muhuri mgongoni. Kitabu cha shule cha historia cha mwaka 1970 ukikitumia kujua Maji Maji ni chanzo cha upili. Ukikitumia kujua serikali ya 1970 ilitaka watoto wafikiri nini kuhusu Maji Maji, hapohapo kimekuwa cha msingi.

Mwaka 1968 pale chuoni Dar es Salaam, kilikuwa bado chuo kishiriki maana chuo kikuu kamili kimekuja 1970, ukaanzishwa mradi wa Maji Maji, wanafunzi wakatumwa vijijini kwenda kukaa na wazee. Piga hesabu, mtoto wa miaka 10 mwaka 1905 alikuwa na 73. Yani walibakiza dakika chache lango lifungwe. Na huko kwa wazee, na kwenye kazi ya mwanahistoria marehemu Gwassa hasa, ndo tukapata mambo ambayo hayamo kwenye faili lolote la Kijerumani, kama majina ya wale waliong'oa mashina ya kwanza ya pamba pale Nandete Julai 1905, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Faili la Mjerumani linasema "waasi". Mzee wa Nandete anasema fulani mtoto wa fulani.

Mnapiga makofi. Subirini kwanza, manake na wazee nao tunawahoji. 1968 ni miaka 7 tangu uhuru, mwaka mmoja tu tangu Azimio la Arusha, nchi nzima inatafuta mababu waliopigana kwa umoja, na anayekuja kuuliza ni kijana wa chuo na daftari lake. Mzee sio redio ya kanda kwamba unabonyeza anarudia 1905, anakumbuka akiwa ndani ya 1968. Ndo maana wanahistoria wa baadaye walirudi wakauliza, hivi kweli ilikuwa vita moja? Wamatumbi, Wangoni wa Songea, watu wa Mahenge, wote walikuwa na sababu ileile, au kila mahali palikuwa na moto wake na upepo ukaunganisha? Hilo swali halijawadhalilisha wazee, limewapa heshima ya kusikilizwa mmojammoja.

Na namba. Ukisoma taarifa rasmi ya Wajerumani waliokufa ni 75,000. Ukimsoma Gwassa ni kati ya 250,000 na 300,000. Kuna proposo moja humu imechukua zote 2 ikatafuta wastani! Jamani. Wastani wa nini? Wengi mno walikufa kwa njaa, jeshi lilichoma maghala na mashamba kusudi, kwa hiyo swali ni kila mmoja alimhesabu nani na aliacha kuhesabu lini. Namba inatembea na mwenye namba, usiitoe nyumbani kwake peke yake.

Haya, wanahistoria wana majina ya hiki ninachokifanya, uhakiki wa nje na uhakiki wa ndani. Wa nje unauliza hii karatasi ni yenyewe kweli au ya kughushi, imeandikwa lini, kwa wino gani, imepita mikono ya nani. Wa ndani unauliza haya, ni yenyewe, je inachosema kinaaminika? Wanafunzi hupenda kuruka ule wa nje kwa kuona ni kazi ya polisi. Mwaka 1983 jarida la Stern la Ujerumani lilinunua shajara za Hitler, majuzuu kwa majuzuu, kwa mamilioni ya maki. Wataalamu wa mwandiko wakalinganisha wakasema naam ndio wake. Kumbe baadhi ya sampuli za mwandiko walizopewa kulinganishia zilikuwa za mghushi yuleyule, Konrad Kujau, yani walimlinganisha mwizi na mwizi wakakuta wanafanana! Kilichomkamata ni karatasi, ilikuwa na kemikali ambayo ilianza kutumika baada ya vita, Hitler keshakufa zamani.

Huku kwetu kughushi kwa namna hiyo sio tatizo kubwa, tatizo letu ni vitu vidogovidogo vya kijinga. Saa kwa mfano. Barua ya Kiswahili inasema askari waliingia saa 4, ripoti ya afisa inasema saa 10, kijana anaandika kurasa 2 kuhusu mgongano wa vyanzo. Hakuna mgongano hapo! Saa 4 asubuhi ya mwenye Kiswahili ndo hiyohiyo 10 ya Mzungu. Tarehe nayo, barua nyingi za pwani zina tarehe za Kiislamu, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, ukikosea kugeuza unajikuta mtu kajibu barua kabla haijaandikwa. Tahajia pia. Wale wanaotaka kutafuta kwa kompyuta wakiandika "Songea" kwenye nyaraka za Kijerumani watakosa nusu ya mali, Mjerumani aliandika "Ssongea" kwa S mbili. Na Kiswahili chenyewe kabla ya kamati ya lugha ya 1930 kuanza kusanifisha kila mtu aliandika alivyosikia, bado hujaweka kile kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kompyuta ikikwambia "hakuna matokeo" hiyo ni taarifa kuhusu kompyuta.

Sasa nije kwenye uchambuzi maudhui, manake naona watu wa uandishi wa habari wanasinzia.

Kwa kifupi ni kuchukua rundo la matini, magazeti, hotuba, katuni, nyimbo, na kuyagawa kwenye makundi kwa kanuni zilizoandikwa kabla, ili mtu mwingine akichukua rundo lile na kanuni zile apate karibu yale uliyopata wewe. Harold Lasswell Mmarekani aliandika 1927 kuhusu propaganda za Vita ya Kwanza, Vita ya Pili ilipofika Wamarekani wakawa na watu wanasikiliza redio za Ujerumani kutwa wakijaribu kubahatisha Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, anaficha nini, na 1952 Bernard Berelson akaweka ile tafsiri mnayoikariri wote, kwamba ni maelezo yasiyo na upendeleo, yenye utaratibu, ya kiidadi, ya maudhui yaliyo wazi. Mimi hapo kwenye "yaliyo wazi" nina neno, nitarudi.

Kitendo chenyewe cha kugawa makundi wengine wanakiita kukodi, kutoka "coding" ya Kiingereza. Mimi nikisikia "tulikodi barua 300" nawaza bodaboda. Na "kitabu cha kodi" kikitajwa nawatafuta watu wa TRA, wakusanya kodi. Nitasema kuweka alama, mtanisamehe.

Tuchukue kitu cha kufurahisha, Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ulitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 1969, marufuku sketi fupi, mini zile, mawigi, mafuta ya kujichubua, suruali za kubana. Hata tarehe haijafika vijana wakaanza kuwavamia kina dada Kariakoo. Na magazeti yakajaa barua, watu wakabishana haswa, wengine wakisema utamaduni wa taifa, wengine wakiuliza hao mababu mnaowatetea walikuwa wanavaa nini hasa? Ni mali safi kwa uchambuzi maudhui, na kuna mtu humu kaichagua, nimefurahi.

Ila mpango wake ni huu: atakusanya barua zote kwenye magazeti ya Uhuru, The Nationalist, The Standard na Ngurumo, atahesabu wanaounga na wanaopinga, atapata asilimia, atasema "maoni ya wananchi wa Tanzania". Hapana mdogo wangu. Rudi kwanza kwenye sebule ya wanahistoria. Uhuru na The Nationalist yalikuwa ya TANU, na waliotangaza operesheni ni mtoto wa TANU. The Standard lilikuwa la kampuni ya kigeni mpaka Februari 1970 serikali ilipolitaifisha, na la Kiingereza, nani 1968 aliandika barua kwa Kiingereza akanunua stempu? Ngurumo lilikuwa la mtu binafsi, kwa Kiswahili. Kila barua iliyopo mbele yako imepita mlango wa mhariri, na milango ile haikuwa na mlinzi mmoja. Ukizichanganya ukatoa asilimia, umepima upana wa milango. Lakini ukiziacha kila moja kwenye gazeti lake ukalinganisha, ahaa, hapo unaanza kuona kitu, maana sasa mlango wenyewe ndo umekuwa data. Hoja gani ilipenya The Standard ikagonga mwamba Uhuru? Hilo ni swali zuri kuliko la asilimia.

Na mtego mwingine hapohapo. Tuseme unataka kuona neno "ujamaa" lilivyopanda na kushuka kuanzia 1967 hadi 1974 kwenye gazeti la Kiingereza la Dar. Utaona limeruka 1970 halafu 1972, utaandika "mwamko wa wananchi uliongezeka". Kumbe 1970 gazeti limebadili mwenyewe, na 1972 The Standard na The Nationalist yameunganishwa yakawa Daily News. Grafu imechora hati ya umiliki! Mtu asiyejua historia ya rundo ataitetea grafu hiyo mbele ya jopo kwa nguvu zote, na takwimu zake hazina kosa hata moja.

Kuchagua matoleo je? Huwezi kusoma kila siku ya miaka 7, sawa. Lakini usichukue kila Jumatatu eti kwa sababu ni rahisi kukumbuka, gazeti la Jumatatu lina mipira ya wikiendi. Watu wa fani huungaunga wiki, Jumatatu ya wiki hii, Jumanne ya mwezi ujao, Jumatano ya mwingine, hadi siku zote zimewakilishwa bila kurundikana sehemu moja.

Haya turudi kwenye "maudhui yaliyo wazi". Nawatungia barua, ni ya kutunga nasisitiza: "Hongereni sana vijana wetu kwa kupima sketi kwa rula, sasa naona na bei ya unga itashuka." Huyu anaunga au anapinga? Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilikuwa peke yangu na haraka, barua za namna hiyo nilikuwa naona "hongereni" natia alama ya kuunga, nasonga. Nilikuja kushtuka nimefika mbali, nikarudi mwanzo, wiki 3 zimekwenda na maji. Kejeli ni mkate wetu wa kila siku, mtu wa pwani anaweza kukutukana kwa salamu ukamwitikia marahaba. Kanuni inayosema "hesabu maneno ya pongezi" kwa Kiswahili ni kanuni ya kujipiga risasi mguuni.

Neno "heshima" ndo balaa zaidi. Niliwapa wasaidizi 2 barua zilezile, binti mmoja na kaka mmoja, kaka kila akiona heshima anaweka kwenye "mila", binti anasema hapana, hapa mwandishi anasema mwanamke aheshimiwe asivuliwe nguo barabarani, hiyo ni haki ya mtu, sio mila. Walibishana mpaka chai ikapoa. Na mimi nasema ule ubishi ndo ulikuwa utafiti wenyewe, kanuni tuliyoandika baada yake ilikuwa bora mara 10, kwamba usiweke alama kwenye neno, weka kwenye barua nzima na jiulize heshima ya nani, kwa nani, inadaiwa na nani.

Kwa hiyo watu 2, angalau, kila mmoja kivyake bila kuchungulia. Halafu mnapima makubaliano, na hapa tafadhali msinidanganye kwa asilimia. Sikilizeni hesabu hii ndogo. Chukulia kila mmoja kwa tabia yake anaweka "anapinga" kwenye barua 90 kati ya 100, bila hata kusoma, anatupia tu. Watakubaliana kwenye ngapi kwa bahati? 0.9 mara 0.9 ni 0.81, jumlisha 0.1 mara 0.1 ambayo ni 0.01, inakuja 82. Barua 82 kati ya 100 wamekubaliana wakiwa wamelala! Sasa wewe unakuja na "makubaliano yalikuwa asilimia 82" kifua mbele. Ndo maana Jacob Cohen mwaka 1960 akatoa kipimo cha kappa, kinachoondoa kwanza ile bahati halafu kinauliza kilichobaki ni kiasi gani. Kwa mfano wetu kappa ni 0. Sifuri kabisa.

Mwenyekiti kanyanyua kikaratasi, dakika 5.

Basi niseme la ukimya nimalize. Hakuna kanuni ya kuhesabu kitu ambacho hakipo, na rundo letu limejaa visivyokuwepo. Kina dada waliovamiwa Kariakoo, wangapi waliandika barua? Waliojipaka zile krimu, aliyeuza mawigi, mama aliyemshonea binti yake ile sketi? Kwenye Maji Maji vilevile, wanawake waliokimbia na watoto porini faili haliwataji labda kwa idadi ya mateka. Ninachofanya mimi ni kuweka kwenye daftari ukurasa mmoja wa watu waliotakiwa kuwepo na hawapo, nauandika siku ya kwanza kabla sijafungua faili lolote, maana ukishasoma faili 50 unaanza kuona dunia ni ile iliyomo kwenye faili, na ule ukurasa utakushangaza ukiurudia.

Pale Nyaraka za Taifa Upanga nendeni na penseli, kalamu ya wino acheni nyumbani. Na mkifungua jalada andikeni namba yake kabla hamjasoma hata mstari mmoja, niamini, baada ya miezi 6 hutakumbuka.

Swali? Ndio kaka, wa shati la bluu. Sema kwa sauti.

Anauliza yeye anafanya magrupu ya WhatsApp ya uchaguzi, hayana jalada wala penseli, haya yote yanamhusu nini? Yanakuhusu yote kaka. Nani alianzisha grupu, nani admini, nani alitolewa na lini, uliingizwa na nani na tangu lini simu yako inaona meseji, maana yaliyosemwa kabla hujaingia huna. Huo ndo mlango wako wa mhariri. Meseji ikipachikwa kutoka grupu lingine usiihesabu kama ya aliyeipachika bila kufikiri. Watu hao wapo hai, kwa hiyo ruhusa yao na kuficha majina yao ni lazima. Na kuna kitu unacho ambacho mimi kwenye magazeti ya 1968 sina na nakuonea wivu. Barua iliyotupwa na mhariri imepotea, sijui hata kama iliandikwa. Wewe kwako pameandikwa saa, namba ya mtu, na chini yake "ujumbe huu umefutwa". Hizo usiziruke. Ziwekee alama yake.